Sufi ya Askari

Bomani, Iramba
8 Juni 1943

Kwako mchumba wangu Elina,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia. Ukiisha kusoma barua hii usiiache mahali ambapo wauguzi wenzako wa hospitali wataiona.

Ijumaa Bwana Shauri, mzungu wetu wa wilaya, aliniita ofisini kwake. Nilidhani nimekosea tarehe katika barua ya mtemi. Kumbe kulikuwa na magunia sita sakafuni, yananuka kondoo aliyenyeshewa. Akasema ni sufi, manyoya ya kondoo, imekuja kwa gari moshi mpaka Kinyangiri. Askari wetu walioko vitani wanahitaji soksi na fulana za baridi, kwa hiyo kina mama wa hapa wafundishwe kusokota uzi wa kufumia. Memsahibu wake anajua kazi hiyo lakini hajui Kiswahili. Karani mkuu ni mzee, macho yamepungua. Basi nijifunze mimi, kisha niwafundishe kina mama.

Huu ni usokotaji mwingine kabisa, si ule wa ukambaa juu ya paja. Kifaa chake ni kijiti chenye kisahani cha mbao chini. Sisi tunakiita pia, kwa kuwa kinazunguka kama pia ya watoto. Unakizungusha kwa vidole vya mkono wa kulia, kinaning'inia hewani, na mkono wa kushoto unaachia sufi kidogo kidogo mpaka inajisokota yenyewe. Ndivyo kitabu kinavyosema. Kwangu haijisokoti. Nikiachia nyingi, uzi unakuwa mnene kama mkia wa panya. Nikiachia kidogo, unakatika na pia inaniangukia kidole cha mguu. Leo ni siku ya nne na uzi wangu mrefu kuliko wote haufiki urefu wa meza. Memsahibu hasemi kitu, anavuta pumzi tu na kuokota pia.

Jana tarishi Alute alisimama mlangoni akaniuliza, “Karani, ukimaliza kusokota utatusongea na ugali?” Askari wakacheka. Nami nikacheka ili wasijue kwamba imeniuma.

Sasa sikiliza linaloniogofya. Memsahibu anasafiri wiki ijayo, naye Bwana Shauri amesema nikishindwa ataomba karani mwingine. Unajua kwamba orodha ya manamba wa katani ninaiandika mimi. Kijana asiye na kazi ya serikali hakosi kuandikwa akapelekwa mashambani. Na mjomba wako alipoipokea posa yangu alisema mbele ya watu wote kwamba hamwozi mpwa wake kwa mtu wa kwenda kukata katani. Nikiipoteza kazi hii nimekupoteza na wewe.

Niombee.

Wako,
Nathanaeli


Hospitali, Kilimatinde
19 Juni 1943

Nathanaeli,

Barua yako nimeisoma chooni, maana ndipo mahali pekee ambapo wenzangu hawanifuati. Mtu akaja kubisha hodi nami nacheka peke yangu. Samahani. Nilikiona kidole chako cha mguu.

Sikiliza. Mama aliponifundisha kusokota ukambaa alinipiga vikofi vya vidoleni akisema, “Unaushika kama unauiba.” Mimi nakujua, hata kalamu unaishika kama umeiiba. Legeza mkono. Paka mafuta kidogo kwenye vidole, na usiutazame uzi pale unapotoka, utazame pale unapokwenda. Alute mwambie utampikia, ila alete kuni kwanza.

Lakini nina habari nyingine. Katekista wetu wa kijijini, Bonaventura, ameniandikia kwa niaba ya mama. Mama amesikia kuhusu sufi na anakuja kujifunza. Unajua kwamba kaka yangu Fabiano yuko vitani na barua zake zimekoma tangu Februari. Mama anasema huenda jozi moja ya soksi ikafika kwenye miguu yake. Nilimjibu kwamba askari ni wengi sana. Akajibu kwamba hilo analijua, hakuwazaa wote.

Sasa mkwe wako atakaa darasani kwako! Utafanyaje? Huwezi kumtazama usoni, wala yeye hawezi kukutazama. Utamfundisha kupitia dirishani?

Usiogope mno. Watu hawafukuzwi kazi kwa sababu ya uzi.

Elina


Bomani, Iramba
17 Julai 1943

Mchumba wangu Elina,

Mafuta yamesaidia. Siku ya kumi na moja tangu nianze kuyapaka uzi haukukatika, na nilisokota mpaka pia ikagusa sakafu. Nilitazama huku na huku, hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Nikauzungushia kwenye kijiti, nikarudi kuandika barua za kodi.

Darasa tumelianza chini ya paa la ghala. Kina mama ni kumi na wanne. Mimi nakaa kwenye kigoda mbele yao kama mwalimu wa shule, wao wamekaa mikekani kwa safu mbili. Siku ya kwanza palikuwa na milio ya pia zikianguka, kama mtu anamwaga kuni. Mama mmoja, Stumai, aliitupa yake mpaka uani akasema, “Mzungu atengeneze kondoo wanaozaa uzi!” Niliogopa Bwana Shauri asije akasikia. Wengine walitaka kuisokota sufi kwenye paja kama walivyozoea. Nikawakataza, maana kitabu kinakataza.

Mama yako amekuja. Alifika mapema kuliko wote, akakaa safu ya mbele karibu na nguzo, akanipa mgongo, ukaya umefunika kichwa chote. Anamtazama Stumai aliye safu ya nyuma, naye Stumai ananitazama mimi. Nikisema jambo nalisema kwa wote na kutazama juu ya paa. Sijamwita jina hata mara moja, wala sijapita upande wake. Nadhani nimeshika heshima inavyotakiwa, na tafadhali umwambie mjomba wako hivyo.

Na niamini, Elina, uzi wa mama ni mzuri kuliko wa wote, kuliko wa memsahibu. Mwembamba, sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wengine wanasokota donge moja kwa siku tatu, yeye anasokota mawili. Wakishapata nyuzi za kutosha wanaunganisha mbili mbili kuwa uzi mmoja wa kufumia. Mwezi ujao tunapeleka mzigo wa kwanza. Bwana Shauri alishika donge lake, akalitupa juu na kulidaka, akaniambia, “Vizuri, karani.” Tangu nianze kazi hajapata kuniambia hivyo.

Wako,
Nathanaeli


Ofisi ya Mahitaji ya Askari
30 Agosti 1943

Kwa Bwana Shauri, Iramba.

Bwana,

Mzigo wako wa uzi wa sufi umerudishwa kwa lori la leo. Sehemu kubwa haifai. Uzi unajikunja, na mahali pengine unafumuka wenyewe. Soksi zilizofumwa kwa uzi huo zimepinda, kisigino kinahamia juu ya mguu. Hatuwezi kuamini kwamba ni bahati mbaya, kwa sababu uzi mwingine katika mzigo huo huo ni mzuri. Tafadhali chunguza kama kuna mtu anayeharibu mali ya askari kwa makusudi, na utuletee jina lake kabla ya tarehe 13 Septemba.

(Imetafsiriwa na karani Nathanaeli kwa agizo la Bwana Shauri, isomwe mbele ya watemi.)


Bomani, Iramba
4 Septemba 1943

Elina,

Nakuandikia kwa haraka, lori linaondoka. Sufi imerudi. Nimeitafsiri barua yao kwa mkono wangu mwenyewe, na nilipofika penye neno “makusudi” nikaharibu karatasi mbili.

Bwana Shauri hakufoka, na hilo ndilo baya. Alisema kwa sauti ya chini, “Ni wewe, karani, au ni mmoja wao. Nipe jina.” Nimekaa ghalani siku mbili nikifumua madonge. Kila donge lina kitambaa chenye majina ya waliousokota. Nimeona jambo la ajabu. Uzi wa wanawake kumi na watatu, ukiuacha ulegee, unajifungua upande mmoja. Uzi wa mmoja unajifungua upande wa pili. Umesokotwa kinyume, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ukiunganishwa na wa mwenzake, mmoja unalegea na mwingine unakazwa mpaka unajikunja kama nywele. Na kwa kuwa huyo mmoja ndiye aliyesokota mwingi zaidi, uzi wake umeingia karibu kila mahali.

Sikuambii ni nani. Ni mmoja wa kina mama. Sijui kwa nini amefanya hivi. Nikimtaja, wataita ni makusudi. Nisipomtaja, ni mimi, na orodha ya katani inafungwa mwisho wa Oktoba.

Nishauri upesi. Nakungoja mpaka tarehe 12.

Nathanaeli


Hospitali, Kilimatinde
10 Septemba 1943

Nathanaeli,

Barua yako imefika leo mchana, na lori la barua linapita kesho asubuhi. Naandika nimesimama.

Ni mama. Ulidhani sitajua? Nani mwingine anasokota mwingi kuliko wote? Uliniandikia mwenyewe.

Tena najua kwa nini. Mwezi uliopita Sista alitufundisha kufunga bendeji. Sisi tuliokaa kumwelekea tulimwiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Mkono wake wa kulia tuliufuata kwa wa kushoto, na bendeji zetu zote zikaenda kinyume. Akacheka, akatuambia tusimame nyuma ya mabega yake. Wewe ulikaa mbele ya kina mama. Hao wengine, nadhani, walikusikia ukitaja mkono wa kulia huku wakikuona unauinua, wakajua. Mama hakukuona. Alimtazama Stumai uso kwa uso, akamwiga kama kioo, na uliposema mkono wa kulia akafuata macho yake, maana wa kulia wa Stumai ulikuwa upande wake wa kushoto. Hakuna aliyemgusa mkono na kumwambia, mama, hivi. Nani angemgusa? Mwalimu ni mkwe wake.

Kwa hiyo si makusudi, wala si kosa lake. Ni heshima aliyokupa wewe. Mwambie Bwana Shauri kwamba mafundisho yalikaa vibaya, kwamba utayapanga upya. Usiandike jina la mama kwenye karatasi ya serikali. Nathanaeli, nakuomba sana. Likiandikwa, halitafutika.

Elina


Bomani, Iramba
12 Septemba 1943

Elina,

Nimengoja mpaka gari la leo na barua yako haimo. Pengine lori limeharibika, pengine umekasirika kwamba nilikuficha. Sasa sitakuficha. Ni mama yako.

Asubuhi Bwana Shauri aliweka kalamu mbele yangu. Nilisema naomba siku moja. Akatazama saa. Nimeandika, Elina. Nimeandika jina tu, Kristina, na kijiji. Sikuandika kwamba ni makusudi. Nimeandika “uzi uliosokotwa kinyume umetoka kwake.” Nilichagua maneno kwa uangalifu ili yasimdhuru.

Sikujua kwa nini alisokota hivyo, na mpaka sasa sijui. Lakini yeye ni mtu mzima anayeheshimika, hawatamfanya kitu, labda watamwonya. Kama ningefukuzwa mimi, ningekuwa nimekwisha, na wewe pamoja nami. Jaribu kulifikiria hivyo.

Wako,
Nathanaeli


Hospitali, Kilimatinde
27 Septemba 1943

Kwa karani Nathanaeli,

Bonaventura ameniandikia kurasa nne. Nitakupa kwa ufupi, maana najua ulikuwepo, lakini sijui uliangalia wapi.

Mama aliitwa barazani mbele ya mtemi, wazee na askari. Akaambiwa ashike pia, amgeukie karani, aonyeshe anavyosokota. Akashika pia. Hakugeuka. Wakamwambia mara tatu. Bonaventura anasema wewe ulisimama hatua tano kutoka kwake umeshika kitabu, hukusema neno. Askari mmoja akasema mtu mwenye moyo safi asingeogopa kugeuka. Mwingine akasema ameharibu soksi kwa uchungu wa mwanawe asiyeandika. Hapo mama akaiweka pia chini.

Wamemkalisha uani siku tatu kufumua madonge yote, watu wakipita kwenda sokoni. Watoto walimwita mharibifu. Amerudi nyumbani, hasemi na mtu.

Barua yangu ya tarehe 10 imekufikia, nina hakika. Kwa hiyo sasa unajua alikugeuzia mgongo kwa sababu gani.

Mjomba wangu bado anakutaka. Anasema una kazi nzuri. Mimi sina la kukuandikia.

Elina


Bomani, Iramba
2 Oktoba 1943

Kwa Bwana Shauri, Iramba.

Bwana,

Mimi mtumishi wako naomba maneno haya yawekwe katika jalada lile lile lenye jina la Kristina.

Kosa la uzi ni langu. Nilikaa kuwaelekea wanafunzi, kwa hiyo aliyejifunza kwa kumtazama jirani yake aliiga kinyume. Kristina ni mama wa mchumba wangu. Kwa desturi yetu hawezi kunitazama wala mimi kumsogelea, na kwa ajili hiyo alinipa mgongo. Kukataa kwake kugeuka barazani hakukuwa ukaidi. Kama angegeuka, watu wa kijiji chake wangemwona amekosa adabu mbele yangu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo sijamwambia mtu. Siku ya kwanza ya darasa niliona kiwiko chake cha kushoto kikitikisika, wakati cha kulia kilitulia. Nilijua kwamba anazungusha kwa mkono usio sawa. Ingetosha nimwambie mwanamke mwingine amsahihishe. Niliogopa kina mama wasije wakacheka kwamba karani anamchungulia mkwe wake, nikanyamaza. Uzi wake ulipokuwa mzuri nikafurahi, nikajiambia haidhuru. Barua ya kurudisha mzigo ilipokuja nilijua siku hiyo hiyo donge la nani nitalikuta. Nilitumia siku mbili ghalani kujifanya natafuta.

Naomba jina lake lifutwe. Kama halifutiki, naomba langu liandikwe juu yake.

Naomba pia Ofisi ya Mahitaji ijulishwe kwamba uzi wake si wa kutupa. Ukiunganishwa wenyewe kwa wenyewe, na kuunganishwa upande ulio kinyume cha ule tunaofanya sisi, unalala vizuri. Nimejaribu.

Mimi, mtumishi wako mtiifu,
Nathanaeli, karani


Kinyangiri
29 Oktoba 1943

Elina,

Hukutaka barua, nami sitaandika ndefu. Nakala ya maneno niliyompa Bwana Shauri nimemwachia Bonaventura, amsomee mama yako akikubali, na akupelekee wewe. Humo utaona nilikuandikia uongo tarehe 12 niliposema sijui.

Bwana Shauri aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama naelewa nilichoandika. Nikasema naelewa. Siku ya nne akaja karani mpya kutoka Singida, kijana mpole, nikamwonyesha mafaili yalipo. Orodha ya katani aliiandika yeye. Alute ndiye aliyeniletea taarifa nyumbani. Nilingoja aseme mzaha wake. Alivua kofia tu, akaniuliza kama nina blanketi.

Tupo hamsini na wawili hapa stesheni. Tunakwenda upande wa Korogwe, mkataba ni miezi tisa. Mjomba wako amekwisha kutuma mtu kusema posa imekufa. Sijamjibu, maana alisema kweli tangu mwanzo.

Naogopa, sitaki kukudanganya tena. Lakini usiku nalala.

Nathanaeli


Iramba
5 Desemba 1943

Kwa Nathanaeli, shamba la katani, Korogwe.

Mimi Bonaventura katekista naandika, lakini maneno ni ya Mama Elina, ameketi hapa kivulini mwa kanisa. Amenikataza kuongeza au kupunguza, hata pale ambapo mimi ningesema vingine.

Anasema hivi:

Karatasi yako kwa Bwana Shauri nimesomewa. Nilimwambia Bonaventura aisome tena pale pa kiwiko. Hapo palinikasirisha kuliko baraza. Uliona, ukanyamaza. Siku tatu uani nilijiuliza mikono yangu imekuwaje, nikadhani nimezeeka, na kumbe mtu alikuwa akijua.

Jina langu limefutwa. Mtemi alikuja mwenyewe, akanywa maji, akasema kidogo. Karani mpya anawaweka wenzangu nyuma yake kwa safu, kila mmoja anatazama bega la mwenzake. Mimi siendi. Kina mama wanakuja kwangu jioni nawaonyesha. Stumai sasa hatupi pia, anatupa maneno tu. Uzi wangu uliobaki wameniachia, wamesema haulingani na wa serikali.

Fabiano hajaandika bado.

Mjomba wa Elina amesema posa imekufa. Nilimwacha amalize kusema. Mtoto ni wa tumbo langu, na mjomba wake anajua kwamba neno la mwisho hatujalisema. Elina naye nilimwuliza aliponijia. Akaniuliza kama huko Korogwe kuna baridi. Nikamwambia sijui, mimi sijafika. Akasema umande wa katani asubuhi unafika magotini, amesikia kwa wagonjwa.

Basi chukua ukambaa wa katani, maana mnao mwingi. Simama juu yake, upime mguu. Piga fundo penye kisigino na fundo penye kidole kikubwa, halafu uzungushe kwenye kifundo cha mguu na upige fundo la tatu. Utie katika bahasha, uandike jina la Bonaventura, si langu. Mimi nina uzi. Elina anazo sindano za kufumia.

Uwe umetuma kabla ya mvua kukata barabara.

Aliyesema: Kristina, mama Elina (amebonyeza kidole)
Aliyeandika: Bonaventura, katekista